Chovya Chovya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matunda na Rojo la Karanga

Watoto wa mtaa wetu hapa Walukuba, Jinja, hurudi kutoka shule saa kumi, njaa imewabana, na sufuria ya jioni bado haijabandikwa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwakatia matunda na kuwawekea bakuli la rojo la karanga katikati ya mkeka, wachovye wenyewe. Majirani wakaanza kuuliza linavyotengenezwa, kisha mawifi zangu, kisha akina mama tunaoswali pamoja, na maswali ni yale yale. Kama huna muda wa kusoma yote, soma swali la unga wa karanga wa sokoni, maana hapo ndipo afya ya mtoto ilipo.

Hili rojo hasa ni kitu gani?

Ni karanga zilizokaangwa, zikasagwa mpaka zikatoa mafuta na kuwa laini, kisha zikalegezwa kwa mtindi au maji ya uvuguvugu. Likiwa sawasawa linashika kwenye kipande cha embe bila kudondoka, na halivunji kipande cha ndizi ukikizamisha. Ile siagi ya karanga ya madukani ni hatua ya kwanza tu ya rojo hili. Na kama nyumbani kwenu kuna odii, ile karanga na simsim (ufuta) zilizosagwa pamoja, ya Acholi, Lango na West Nile kaskazini mwa Uganda, basi nusu ya kazi imeshafanyika. Simsim huongeza ukali fulani mtulivu ambao mimi naupenda sana na nanasi.

Vipimo ni vipi, na inachukua muda gani?

Kwa watoto wanne: vijiko vinne vya kulia vya karanga zilizosagwa laini, vijiko vinne vya mtindi mzito usiotiwa sukari, kijiko kimoja cha chai cha asali, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na matone machache ya limau. Koroga kwa uma mpaka mistari ya mafuta ipotee. Kama karanga zimeshasagwa, kazi yote pamoja na kukata matunda haizidi dakika kumi.

Chumvi usiiache. Wengi wanaoniambia rojo lao ni chapwa waliacha chumvi, wakaongeza asali badala yake, na halikupona.

Kwa nini rojo langu lilishikana likawa gumu nilipotia maji?

Hili naulizwa kuliko yote, na jibu lake huwashangaza watu: ulitia maji machache mno. Siagi ya karanga ni chembe ndogo za karanga zilizozungukwa na mafuta. Chembe zile zina protini, wanga na sukari, vitu vinavyonyonya maji. Ukitia kijiko kimoja, chembe zinagombania maji hayo na kushikamana, mafuta yanasukumwa pembeni, na bakulini unabaki na donge lililopauka, linalogoma hata kuuachia uma. Mtu akiona hivyo hudhani ameharibu chakula.

Usiache hapo. Ongeza kijiko cha pili cha maji ya uvuguvugu, koroga kwa nguvu, kisha cha tatu. Karibu na cha tatu au cha nne donge linalegea ghafla, rangi inakuwa nyeupe yenye unjano kama ya maziwa mapya, na uso unang'aa. Chembe zimeshiba maji, na mafuta yamegawanyika kuwa matone madogo ndani yake. Maji baridi sana huchelewesha kazi kwa sababu mafuta yanakuwa mazito. Joto la maji ya kumwogeshea mtoto linatosha.

Naweza kutumia ule unga wa karanga wa mchuzi unaouzwa sokoni?

Hapana, na hili naomba ulichukue kwa uzito.

Kwanza, unga ule wa binyebwa, yaani karanga, kwa kawaida ni wa karanga mbichi. Umesagwa ili uchemshwe muda mrefu. Ukiukoroga na mtindi utapata ladha ya maharage mabichi.

Pili, karanga ikishasagwa huwezi tena kujua ilikuwaje. Karanga zilizoanikwa vibaya au kuwekwa mahali penye unyevu huota ukungu uitwao Aspergillus flavus, na ukungu huo hutoa sumu ya aflatoksini. Sumu yenyewe haionekani, haina harufu, wala kukaanga na kuchemsha hakuiondoi. Dunia iliishtukia mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa chakula kilichotengenezwa kwa karanga zenye ukungu. Binadamu anayeila kidogo kidogo kwa miaka huharibika ini na kuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani ya ini, hasa akiwa pia na homa ya ini aina ya B. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya karanga.

Jicho haliwezi kupima mikrogramu. Lakini sumu hukusanyika zaidi kwenye punje chache: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Ukikaa na ungo ukazichambua hizo na kuzitupa, umeondoa sehemu kubwa ya hatari. Usiwape kuku zile ulizozitupa, maana nao zinawadhuru.

Niliwahi kununua karanga zilizokwisha kusagwa kwa sababu nilikuwa na haraka. Nilipoonja, uchungu ulinishika nyuma ya ulimi, ukakaa pale mpaka nikanywa maji mara mbili. Nilizimwaga zote, na siku ile watoto walikula ndizi tupu. Tangu hapo nanunua punje nzima, na nazimwaga kwenye ungo palipo na mwanga kabla ya kutoa pesa. "Mama, hizi zimeanikwa vizuri?" namuuliza muuzaji niliyemzoea. "Mwanangu, vunja mwenyewe," ananijibu. Nachukua punje moja, naigawa kwa ukucha. Iliyokauka inavunjika kwa mlio mdogo, tap. Yenye unyevu inapinda kama nta. Muuzaji anayekukatalia kuvunja punje moja, mwache, nenda kwa jirani yake.

Nichague karanga za aina gani?

Nyekundu ndogo, ile Red Beauty, ina mafuta mengi na ladha kali. Za aina ya Serenut, mbegu zilizozalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Serere, nazo ni nzuri. Kwangu ukavu na usafi vinatangulia aina. Ukipata za maganda, nunua hizo ubangue mwenyewe, kwani ganda zima huilinda punje.

Nikaange vipi zisiungue?

Moto wa sigiri uwe umeshatulia, makaa yamefunikwa na majivu membamba. Weka nusu kilo kwenye kikaango kizito na usiache kugeuza. Mwanzoni harufu ni ya maharage, na wengi hukata tamaa hapo wakachochea moto. Subiri. Baada ya dakika kumi hivi utasikia punje zikialika moja moja, na maganda yanaanza kulegea. Karibu na dakika ya kumi na tano anza kupima: toa punje moja, isugue kwenye kiganja, iache ipoe kidogo, uigawe. Ndani iwe na rangi ya biskuti. Epua ikiwa bado imepauka kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu joto lililobaki ndani ya punje linaendelea kuikaanga hata ikiwa kwenye ungo. Kisha sugua, pepeta maganda, na saga zikiwa bado na uvuguvugu. Za moto hutoa mafuta upesi kuliko zilizolala.

Mwenye ovena aweke digrii 170 kwa dakika 15 hadi 20, akizigeuza katikati.

Sina blenda. Nifanyeje?

Kinu na mchi vinatosha, mradi kinu hakijatwangiwa kitunguu saumu wala samaki, na kiwe kikavu kabisa. Twanga kidogo kidogo, kikombe nusu kwa wakati. Jiwe la kusagia, lile wanalotumia wenye odii, linatoa rojo laini kuliko mashine yoyote niliyowahi kuitumia, ila mabega yatakuuma. Unaweza pia kupeleka karanga zako zilizokaangwa kwa mwenye mashine sokoni. Muulize amesaga nini kabla yako, na umwombe kiganja cha kwanza kikitoka kiwekwe kando.

Mwenye blenda atapita hatua tatu: unga, kisha donge linalozunguka ukutani, kisha siagi. Kati ya ya pili na ya tatu watu huingiwa na pupa wakatia maji. Maji yasiingie wakati wa kusaga. Zima mashine, kwangua pembeni, ipumzishe dakika mbili, endelea. Nusu kilo ya karanga hujaza karibu chupa ya nusu lita.

Matunda gani yanafaa, na yapi hayafai?

Ndizi ndiyo mama wa mlo huu. Ile ndizi kubwa iitwayo bogoya ni laini na haina ukali, watoto wadogo wanaipenda. Mimi nachagua ndizi ndogo tamu, sukali ndizi, kwa sababu ndani ya utamu wake kuna uchachu kidogo unaokata mafuta ya karanga. Iwe imeiva lakini bado ngumu kidogo, la sivyo itakatikia bakulini.

Nanasi za Kayunga zinafaa sana. Kata vijiti virefu kama kidole, ubakize kipande cha katikati kilicho kigumu kiwe mpini. Embe lisiwe la nyuzi, maana nyuzi zikichanganyika na karanga menoni mtoto anaacha kula. Papai linataka limau zaidi ya matunda mengine. Tufaha la dukani, ambalo mara nyingi limetoka Afrika Kusini, ni zuri kwa sababu linavunjika kwa mlio, na milima ya Kabale nayo inatoa matufaha. Mapera ya mwituni, kata vipande vinne, mbegu ziache.

Fenesi watu hulisahau, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Paka mikono na kisu mafuta kwanza kwa ajili ya ule utomvu. Toa mbegu kwenye kila kokwa, na pale mbegu ilipokuwa pamebaki kifuko. Kijaze rojo. Harufu ya fenesi na harufu ya karanga zilizokaangwa zinakutana vizuri ajabu.

Tikiti maji na chungwa sivipendekezi. Maji yake hufanya rojo liteleze, bakuli likabaki na supu. Parachichi nalo ni mafuta juu ya mafuta. Hivyo ni sawa mtu avile peke yake.

Gonja, ile ndizi kubwa ya kuchoma, je?

Gonja iliyochomwa ikiwa moto, ikapasuliwa katikati ikatiwa kijiko cha rojo, inashibisha kama chakula kamili. Kila anayepita Namawojjolo kwenye barabara ya Kampala na Jinja anaijua gonja ya vijiti inayopitishwa dirishani. Nikisafiri nabeba kichupa cha karanga zilizosagwa, bila mtindi, kwa ajili ya pale tu. Gonja iwe imeiva mpaka ganda liwe na madoa meusi.

Ndizi na tufaha vinageuka vyeusi kabla watoto hawajafika. Nifanyeje?

Ukikata tunda, hewa inakutana na kimeng'enya kilicho ndani yake na rangi inabadilika. Kimeng'enya hicho hakipendi uchachu. Kamulia limau juu ya vipande, geuza kwa mkono, funika. Tufaha litakaa saa kadhaa. Ndizi haina subira hiyo, kwa hiyo ikate ukisikia sauti zao getini.

Niliacha nanasi ndani ya rojo la mtindi, likawa chungu. Limeharibika?

Halijaoza. Nanasi bichi lina bromelaini, kitu kinachovunja protini, ndiyo maana wengine hulainishia nyama. Likikaa ndani ya mtindi linavunja protini za maziwa na uchungu unatokea. Papai bichi lina ndugu yake, papaini. Dawa ni kuchovya wakati wa kula tu, au kwa siku ya nanasi tumia rojo la maji badala ya mtindi. Ukilichemsha nanasi kidogo nguvu hiyo inakufa, lakini kwa nini upoteze utamu wake mbichi?

Mtoto wangu ni mdogo. Nimpe?

Hapa tuwe makini. Aliye chini ya mwaka mmoja asionjeshwe asali hata tone, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyomletea mtoto mchanga ugonjwa hatari wa kupooza. Karanga nzima asipewe aliye chini ya miaka mitano, humkaba. Hata siagi nzito ya karanga ikipewa kwa kijiko hunata kooni. Mpe rojo lililolegezwa sana, au changanya kidogo kwenye uji wake akishatimiza miezi sita na ameanza kula. Matunda magumu kama tufaha yakunwe au yapondwe.

Na mzio wa karanga?

Upo, na unaua. Midomo ikivimba, vipele vikitoka mwili mzima, mtoto akitapika au akipumua kwa shida, nenda hospitali mara moja, usisubiri maziwa wala mkaa. Zamani wazazi waliambiwa wacheleweshe karanga. Mwaka 2015 utafiti uliofanyika London ukaonyesha kinyume: watoto walio katika hatari walioanza kupewa karanga mapema, katika hali ya usalama, walipata mzio kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Lakini mtoto mwenye ukurutu mkali au mzio wa mayai aonwe na daktari kwanza. Na watoto wa watu wakija mkekani kwako, uliza wazazi wao kabla hujaweka bakuli. Mimi huuliza kila mgeni mpya, hata akiniona msumbufu.

Je, ni sawa na ile pakiti ya karanga wanayopewa watoto wenye utapiamlo?

Hapana, wala usiitumie badala yake. Ile pakiti, ambayo ya kwanza iliitwa Plumpy'Nut, ilibuniwa Ufaransa mwaka 1996 na André Briend na Michel Lescanne. Ndani kuna karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, vyote kwa vipimo vya tiba. Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu apelekwe kituo cha afya. Rojo letu ni la mtoto mzima mwenye njaa ya saa kumi.

Nina kisukari, au najaribu kupunguza uzito. Nile?

Kula, kwa kipimo. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na robo ni protini. Vijiko viwili vya kulia vya siagi yake vina kalori kama 190 na protini gramu 7 hivi. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, basi jipimie kwenye kibakuli chako kabla ya kukaa na wenzako. Acha asali, chagua mapera au tufaha, na ndizi isiyoiva kupita kiasi. Kuna jambo moja zuri la kuvila pamoja: vitamini C ya mapera, embe na papai inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye karanga.

Inafaa kwa futari?

Inafaa sana. Pasua tende, toa kokwa, tia rojo zito mahali pake. Tende zina sukari ya kutosha, kwa hiyo rojo lisiwe na asali kabisa. Tunaanza na hizo na maji, kisha uji, kisha swala.

Siagi ya karanga ya kopo nayo je?

Soma pembeni ya kopo. Ikiwa ni karanga na chumvi, nunua bila wasiwasi. Ikiwa na sukari nyingi na mafuta yaliyogandishwa, nayo italegea vizuri, ila punguza asali. Ukifungua kopo ukakuta mafuta yameelea juu, haijaharibika: koroga tu.

Inakaa siku ngapi?

Karanga zilizosagwa bila maji, ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, hukaa mwezi mmoja kabatini bila shida, na zaidi kwenye friji. Chota kwa kijiko kikavu, kwani tone la maji huleta ukungu. Harufu ikiwa kama ya rangi ya mlango, mafuta yamechacha, tupa. Rojo lenye mtindi ni la siku hiyo hiyo kama huna friji, na siku mbili ukiwa nayo.

Likibaki kidogo bakulini nilifanyie nini?

Lililochovywa na vidole vya watoto usiliweke, lile uliloacha jikoni ndilo la kutunza. Kama uliligawa kabla ya kutia asali na limau, lile la maji liingize kwenye sufuria ya mboga za majani kama dodo (mchicha) au nakati dakika tano kabla ya kuepua, na kitunguu na nyanya viwe vimeshaiva. Lenye asali litie kwenye uji wa ulezi wa asubuhi, ukiwa umeshatoka motoni.